Don Aronow na Majina Aliyoyauza

Mkulima wa chai wa Nyamira huamka alfajiri, akachuma majani mawili na chipukizi, akayabeba hadi kituo cha ununuzi yakapimwe. Kutoka hapo majani hupelekwa kiwandani, Kebirigo au Sanganyi mathalan, na chai ikishakaushwa huteremshwa hadi mnada wa Mombasa. Wanunuzi wa huko aghalabu huichanganya na chai za nchi nyingine na kuitia katika pakiti zenye majina ambayo mkulima yule hakuyatunga. Anayeinywa ng'ambo hajui kwamba pana mahali paitwapo Nyamira. Kule Tabaka, katika upande wa Kisii, hali inageuka kidogo. Sanamu zinazochongwa kutokana na yale mawe laini hulichukua jina la Kisii hadi Nairobi na nchi za mbali, lakini jina la mchongaji mwenyewe hudondoka njiani. Baina ya kitu na jina lake pana pengo, na ndani ya pengo hilo ndimo fedha zilimo.

Ni wachache walioufahamu ukweli huo vizuri kuliko Don Aronow, Mmarekani aliyetamba katika biashara ya mashua za mashindano ya bahari kuu kuanzia mwaka wa 1962 hadi alipouawa mwaka wa 1987. Aronow hakuwa mchoraji wa mashua, na waliozijua karakana zake hawakumsifu kwa kushika randa wala brashi. Hata hivyo, majina manne makubwa ya sekta hiyo, yaani Formula, Donzi, Magnum na Cigarette, yote yalianzishwa naye. Aliyaanzisha moja baada ya jingine, na kila moja aliliuza.

Alizaliwa tarehe 3 Machi, 1927, katika mtaa wa Brooklyn jijini New York, katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Urusi. Alikulia karibu na ghuba ya Sheepshead, mahali ambapo mashua za uvuvi na za anasa zilitia nanga. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vikielekea ukingoni alitumika katika merikebu za biashara, kisha akasoma katika Chuo cha Brooklyn. Baadaye aliingia katika kazi ya ujenzi wa nyumba huko New Jersey. Huo ulikuwa wakati mzuri wa kujenga, kwa kuwa askari waliorudi vitani walioa na kuhitaji makazi, na mitaa mipya ilichipuka nje ya miji. Kufikia mwaka wa 1959 Aronow alikuwa tajiri wa kutosha kuiacha kazi hiyo na kuhamia Miami, jimbo la Florida, akiwa mwenye umri wa miaka 32 tu. Yamkini alidhani kwamba angestaafu. Mtu wa hulka yake hakuweza kukaa ufuoni akitazama mawimbi.

Ili kuielewa nafasi aliyoipata, ni sharti kwanza kueleza jambo lililotokea baharini mwaka uliofuata, ambalo yeye hakuhusika nalo.

Kwa miaka mingi mashua zenye injini za kasi ziliundwa kwa tumbo lililokaribia kuwa bapa, hasa sehemu ya nyuma. Chombo cha aina hiyo kikipewa nguvu za kutosha huinuka na kuteleza juu ya maji, na katika ziwa tulivu hakina mshindani. Yeyote aliyewahi kuabiri mashua ya injini kutoka Homa Bay wakati Ziwa Victoria limetulia atalielewa hilo. Lakini bahari ikichafuka, tumbo bapa huwa ni adhabu. Kila wimbi hulipiga kama kofi, mbao hulegea, abiria huumia migongo na magoti, na dereva hana budi kupunguza mwendo. Mchoraji mmoja wa Marekani, C. Raymond Hunt, alilishughulikia tatizo hilo kwa njia iliyoonekana ya kiwendawazimu. Alilichonga tumbo la mashua katika umbo la herufi V, na badala ya kuiacha V hiyo ififie kadiri inavyoelekea nyuma, aliiendeleza ikiwa na mwinamo wa takriban nyuzi 24 kutoka omo hadi shetri. Aidha aliweka mikanda myembamba iliyokwenda sambamba na mkuku, ili iyasukume maji chini na kuliinua tumbo. Mashua ya namna hiyo huhitaji injini yenye nguvu zaidi, lakini hulipasua wimbi badala ya kulipiga.

Mnamo mwaka wa 1960, katika mbio za kutoka Miami hadi Nassau, mji mkuu wa Bahama, mashua ya mbao iliyoitwa Moppie iliushangaza ulimwengu wa wanamaji. Ilikuwa mali ya Dick Bertram, muuzaji wa mashua, na aliyeshika usukani alikuwa Sam Griffith, bingwa wa mbio hizo. Siku hiyo bahari ilikuwa mbaya. Moppie ilifika baada ya takriban saa 8, ikiwa imewaacha wengine nyuma sana. Mashua ya pili iliyowasili, iliyoendeshwa na mhandisi Jim Wynne, nayo ilikuwa na tumbo la Hunt. Mwaka uliofuata Bertram alirudi na mashua iliyoundwa kwa faibaglasi badala ya mbao, akashinda tena, na kutokana nayo akaanza kuunda mashua nyingi za kuuza.

Faibaglasi ndiyo inayotufikisha kwenye kiini cha biashara yenyewe. Jahazi la Lamu huundwa ubao kwa ubao, na fundi hukadiria kwa jicho na kwa kumbukumbu ya mikono yake. Hata akiunda majahazi mawili kwa mfuatano, hayatalingana kikamilifu. Mashua ya faibaglasi haizaliwi hivyo. Kwanza hutengenezwa mfano mmoja, ukasuguliwa mpaka ukang'aa kama kioo. Kutokana na mfano huo hupatikana kalibu, na ndani ya kalibu hutandazwa vitambaa vya nyuzi za kioo na kumiminiwa gundi ya kemikali inayogeuka kuwa ngumu. Ikishakauka, mwili wa mashua huchomolewa, na kesho yake mwingine huanzwa, sawa na wa kwanza. Lakini kuna hatari ndani ya urahisi huo. Mtu yeyote anaweza kununua mashua ya jirani yake, akaipindua, akaipaka nta, akatengeneza kalibu juu yake, na baada ya majuma machache akawa anaunda miili ileile bila kumlipa mchoraji hata senti moja. Wizi huo ulikuwa jambo la kawaida Florida. Mchongaji wa Tabaka aliyewahi kumwona mwenzake akiiga kifaru wake hahitaji kuelezwa zaidi.

Basi ikiwa umbo la mashua haliwezi kulindwa, mwuzaji analinda nini? Jibu la Aronow lilikuwa jina, na jina hilo lilisimama juu ya ushindi.

Mwaka wa 1962 alishiriki mbio za Miami hadi Nassau kwa mara ya kwanza, akiwa na mashua iliyoitwa Claudia, jina la bintiye. Hakushinda, ila alikwisha kushikwa na homa ya mchezo huo. Katika kipindi hicho alianzisha kampuni ya Formula. Kazi ya kuchora aliwaachia Jim Wynne, yule mhandisi aliyekuwa wa pili mwaka wa 1960, na mwenzake Walt Walters. Wynne mwenyewe anastahili makala yake, kwani ndiye aliyebuni mfumo unaoiweka injini ndani ya mashua huku rafadha ikining'inia kwenye mguu nje ya shetri, mfumo ambao kampuni ya Volvo Penta iliuingiza sokoni mwaka wa 1959 na ambao leo umeenea duniani. Pia ndiye aliyekuwa bingwa wa kwanza wa dunia wa mbio za bahari kuu, mwaka wa 1964. Bila Wynne na Walters pasingekuwa na mashua ya Formula yenye urefu wa futi 23, ambayo iliipatia kampuni hiyo sifa yake. Lakini mnunuzi aliyefika Miami hakumwulizia Wynne. Alimwulizia Aronow, kwa sababu Aronow ndiye aliyeonekana: mrefu, mpana wa kifua, mcheshi, na mwenye kupenda kuonekana.

Mwaka wa 1964 aliiuza Formula. Kwa mujibu wa desturi ya biashara, anayeuza kampuni huuza pia kalibu zake, jina lake na wateja wake. Wengi wangechukua fedha na kwenda zao. Aronow alichukua fedha, na mwaka uleule, katika mtaa uleule wa kaskazini mwa Miami, akafungua karakana nyingine. Hiyo aliiita Donzi, kutokana na jina la utani ambalo rafiki zake walimwitia. Mchoraji alikuwa Wynne yuleyule na Walters yuleyule. Mashua ndogo ya Donzi yenye urefu wa futi 16 ilipendwa sana na vijana wa kitajiri, na mwaka wa 1965 kampuni hiyo nayo iliuzwa kwa shirika la Teleflex. Mwaka wa 1966 ikazaliwa Magnum, na mwaka wa 1968 Magnum ikauzwa kwa kampuni iliyokuwa ikitengeneza mashine za kunakili karatasi. Mtu anaweza kutabasamu hapa. Kampuni ya kunakili karatasi ilinunua mashua ambazo kila fundi wa mtaa ule angeweza kuzinakili kwa kalibu. Ilichopata kisichonakilika ni yale maandishi ubavuni.

Je, huo ulikuwa ulaghai? Wapo waliouona hivyo. Mnunuzi alidhani amenunua kipaji cha Aronow, kumbe kipaji chenyewe kilivuka barabara na kufungua duka jipya la kushindana naye. Hata hivyo, haki inatulazimu kusema kwamba hakuna jina lililokuwa tupu. Formula iliishi baada yake na bado inaundwa, sasa katika mji wa Decatur, jimbo la Indiana, mbali kabisa na bahari. Donzi na Magnum nazo zilidumu mikononi mwa watu wengine kwa miongo kadhaa. Ikiwa Aronow aliuza upepo, basi upepo huo ulizisukuma jahazi za wenzake kwa muda mrefu.

Zaidi ya hayo, yeye mwenyewe aliyalipia majina hayo kwa mwili wake. Mbio za bahari kuu za miaka hiyo hazikuwa mchezo wa kukaa kivulini. Wanamaji walisimama wima, kwani aliyeketi angeweza kuvunjika uti wa mgongo mashua iliporuka kutoka wimbi moja na kuangukia jingine. Mmoja alishika usukani, mwingine aliongoza gesi kwa mkono, akiipunguza kila rafadha ilipotoka majini na kuifungua ilipozama tena, na mwingine alitafuta njia kwa ramani na dira huku maji ya chumvi yakimpiga usoni. Safari ya namna hiyo ilichukua saa nyingi. Waliomjua walimhesabu Aronow miongoni mwa wagumu kabisa wa kustahimili adhabu hiyo. Mwaka wa 1967, akiwa katika Magnum, alitwaa ubingwa wa dunia. Mwaka wa 1968 ubingwa ulikwenda kwa Mwitaliano Vincenzo Balestrieri, naye pia akiwa katika Magnum, na mwaka wa 1969 Aronow aliutwaa kwa mara ya pili. Siku moja baada ya ushindi, simu za karakana zililia. Tangazo la gazetini lilihitaji malipo, ilhali ushindi ulichapishwa bure katika kurasa za michezo.

Mashua iliyompa ubingwa wa mwaka wa 1969 ilikuwa na urefu wa futi 32, nyembamba na ndefu kuliko zilizoitangulia, na iliitwa The Cigarette. Asili ya jina hilo husimuliwa hivi. Katika miaka ya 1920 hadi 1933, Marekani ilipopiga marufuku pombe, vyombo vya kasi vilikuwa vikiipokea pombe ya magendo kutoka katika meli zilizotia nanga nje ya New York na kuiingiza pwani usiku. Miongoni mwavyo kilikuwapo kimoja kilichoitwa Cigarette, ambacho inasemekana kiliwanyang'anya hata wafanyamagendo wenzake mzigo wao. Hadithi hiyo ilimfikia Aronow utotoni huko Brooklyn. Jina hilo ndilo alilolichagua kwa kampuni yake ya nne, na ndilo lililomshinda nguvu.

Katika isimu ni jambo linalofahamika kwamba jina la bidhaa likifanikiwa kupita kiasi huacha kuwa jina la pekee na kugeuka nomino ya kawaida. Mama wa Keroka humtuma mtoto dukani akalete Kimbo, akarudi na mafuta ya kampuni nyingine bila yeyote kulalamika, na Kiwi ni dawa yoyote ya viatu. Neno omo lenyewe, ambalo kwa baharia ni sehemu ya mbele ya chombo, kwa wengi walio bara si chochote ila sabuni ya unga. Cigarette ilipatwa na hali hiyohiyo. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970, gazeti la Marekani lilipotaka kuitaja mashua yoyote iliyokuwa ndefu, nyembamba na yenye kasi, liliiita mashua ya cigarette, bila kujali iliundwa na nani. Mwenye jina hufurahia umaarufu huo siku za kwanza. Baadaye hutambua kwamba kila kosa linalotendwa na mashua ya mwingine huandikwa kwa jina lake.

Makosa yenyewe hayakuwa madogo. Katika miaka hiyo bangi na kokeini zilimiminika kusini mwa Florida. Meli kubwa zilisimama mbali na pwani, au mizigo iliachwa katika visiwa vya Bahama, kisha mashua za kasi zikaichukua usiku na kuiingiza katika mifereji ya Miami. Tumbo la Hunt, lililobuniwa ili mwanadamu aivuke bahari chafu bila kuvunjika mgongo, likawa chombo bora cha magendo. Historia ya jina Cigarette ilikuwa imejirudia kwa namna ambayo hakuna mtunzi wa riwaya angethubutu kuibuni. Wafanyamagendo walilipa fedha taslimu, na walihitaji mashua nyingi. Karakana za ule mtaa wa N.E. 188, uliobandikwa jina la mtaa wa mashua za ngurumo, ziliwauzia. Baadhi ya wafanyamagendo walishiriki mashindano hadharani, wakashangiliwa na kuvikwa nishani, mashua zao zikiwa zimepakwa rangi na kuandikwa majina ubavuni kama za wengine.

Papo hapo serikali ilikuwa mteja. George H. W. Bush, aliyekuwa Makamu wa Rais tangu mwaka wa 1981, alikuwa na mashua ya Cigarette yenye urefu wa futi 28 aliyoiita Fidelity, na alimhesabu Aronow kuwa rafiki. Bush huyohuyo ndiye aliyesimamia kikosi maalumu kilichoundwa mwaka wa 1982 kupambana na dawa za kulevya kusini mwa Florida. Mwanzoni mwa mwaka wa 1984 alifika Miami na kuiendesha mashua mpya ya Aronow. Baada ya hapo Idara ya Forodha ikaagiza kundi la mashua hizo, zilizoitwa Blue Thunder, ili ziwafukuze wafanyamagendo. Wakati huo Aronow alikuwa ameshaliuza jina la Cigarette na alikuwa akiunda chini ya jina la USA Racing Team.

Blue Thunder haikuwa na tumbo la V. Ilikuwa na miili miwili iliyounganishwa, urefu wake futi 39. Mashua ya miili miwili hupitisha hewa katikati, ikabebwa nayo, na kwenye maji matulivu huwa nyepesi kama majani. Kwenye mawimbi marefu mambo hubadilika. Wakosoaji walisema kwamba vyombo hivyo vya serikali viliachwa nyuma na mashua za V ambazo Aronow huyohuyo alikuwa amezianzisha. Ni vigumu kupima madai hayo bila kutaja hali ya bahari ya kila siku, lakini uvumi ulienea kwamba aliwauzia polisi mwendo mdogo kuliko aliowauzia wezi. Hakuna haja ya kuamini kwamba alikusudia. Yatosha kuona kwamba mtu aliyekuwa ameliuza jina kwa pande zote mbili hakuwa tena na namna ya kujitetea.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa mauzo ya mwaka wa 1985. Aronow aliiuza USA Racing Team, pamoja na kazi ya Blue Thunder, kwa Ben Kramer, mwanamashindano kijana aliyekuwa na karakana na gati mtaani pale. Kramer alikuwa akifanya magendo ya bangi kwa kiwango kikubwa. Idara ya Forodha haikuwa tayari kununua mashua za kuwafukuza wafanyamagendo kutoka kwa mtu wa aina hiyo, na mauzo yakalazimika kubatilishwa. Aronow aliirudisha kampuni mikononi mwake. Mara nne alikuwa ameuza jina na kuondoka salama. Mara hii jina lilirudi, na pamoja nalo ukaja ugomvi wa fedha ambao wachunguzi waliutaja baadaye kuwa chanzo cha maafa yake.

Alasiri ya tarehe 3 Februari, 1987, Aronow alikuwa akiendesha gari lake jeupe la Mercedes katika mtaa wa 188. Gari jeusi lilisimama sambamba na lake, mtu aliyekuwa ndani akazungumza naye kidogo, kisha risasi zikalia. Alifariki siku hiyohiyo, ikiwa imebaki mwezi mmoja tu atimize miaka 60. Kesi ilichukua miaka mingi. Bobby Young, aliyeshtakiwa kwa kufyatua risasi, aliamua mwaka wa 1995 kutoyapinga mashtaka ya mauaji. Mwaka wa 1996 Kramer, ambaye tayari alikuwa akitumikia kifungo cha maisha kwa makosa ya dawa za kulevya, na ambaye mwaka wa 1989 alijaribu kutoroka gerezani kwa helikopta iliyoanguka kabla ya kufika popote, naye aliamua kutoyapinga mashtaka ya kuua bila kukusudia.

Maisha ya nyumbani ya Aronow hayakuandikwa sana kama biashara yake. Inajulikana kwamba mwanawe mmoja alipooza baada ya ajali ya gari mwaka wa 1970, na kwamba baba aliacha kushindana karibu na wakati huo. Alipenda farasi wa mbio, akawafuga katika shamba huko Ocala. Huenda hapa ndipo tabia yake inapoonekana vizuri zaidi, kwa maana katika farasi pia thamani imo katika jina la ukoo lililoandikwa kwenye cheti, hata kabla mnyama hajakimbia.

Miaka miwili baada ya kifo chake, mnamo tarehe 21 Februari, 1989, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi kati ya kampuni mbili za mashua, Bonito na Thunder Craft. Mwaka wa 1983 jimbo la Florida lilikuwa limepitisha sheria ya kuwakataza watu kutengeneza kalibu kutokana na mashua ya mwingine. Mahakama iliitupilia mbali sheria hiyo, ikieleza kwamba umbo lisilo na hataza na lililokwisha kutolewa hadharani ni halali kuigwa, na kwamba jimbo haliwezi kutoa hifadhi ambayo sheria ya taifa haikuitoa. Wachoraji wa miili ya mashua wakabaki bila kinga hadi mwaka wa 1998, Bunge la Marekani lilipopitisha sheria maalumu ya kuilinda michoro yao kwa miaka 10. Hunt alikuwa amekwisha kufa, na tumbo lake lilikuwa limeigwa katika kila bandari duniani.

Karakana za mtaa wa 188 zilihama moja baada ya nyingine, na majengo marefu ya makazi ya kifahari yakasimama mahali pake. Kampuni ya Cigarette ilihamia Opa-locka, kaskazini mwa Miami, na mwaka wa 2002 iliingia mikononi mwa mmiliki mwingine, ambaye baadaye alishirikiana na watengenezaji wa magari ya Mercedes-AMG kuuza mashua zilizopakwa rangi za kufanana na magari yao. Wachache wanaozinunua humtaja Wynne au Walters. Na askari wa doria wanapoikamata mashua nyembamba iliyosheheni kokeini katika bahari ya Karibi, magazeti huandika kwamba imekamatwa cigarette, hata kama imeundwa vichakani kwenye mto fulani wa Kolombia, na fundi ambaye hakuna atakayelijua jina lake.